Jicho la Kushoto

Baba mdogo anaoka mikate ughaibuni, na uani kwake ana magari matatu ya Kiingereza ya miaka ya sitini, yale ya kubebea familia, yanayong'aa kuliko viatu vyake. Usukani uko kulia, na kule watu huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Jicho lake ni mama mdogo, anayekaa kushoto. Akisema "Pita!" baba mdogo anapita, hata haulizi.

Nilipowatembelea, walikuwa wamegombana. Mama mdogo kanuna, nasi tunajikokota nyuma ya lori la matofali. Uvumilivu ukanishinda.

"Baba, si umwambie fundi ahamishe usukani kushoto?"

Akanijia juu. "We! Na mke wangu nimweke wapi?"

Mama mdogo akachungulia mbele, mdomo bado kauvuta.

"Pita," akasema.