Jarida Linaloanzia Ukurasa wa 413

Saa tatu asubuhi, Monowara Khatun ameketi juu ya gunia katika ghala la karatasi kuukuu, Nilkhet, Dhaka. Anachukua jarida, analipapasa, analigeuza nyuma, analirusha kwenye rundo la aina yake. Zaidi ya tarakimu za mizani, hajui kusoma. Ajabu ni kwamba hakosei.

Lenye picha ya mcheza filamu ni la watu wote, litafungiwa karanga. Lililojaa matangazo ya mashine ni la wafanyabiashara wa fani moja. La tatu, la watafiti, halina hata tangazo. Chini ya kurasa zake pana maandishi madogo, na mwishoni orodha ndefu ya majina.

“Mwandishi huyu hasemi peke yake,” ananieleza. “Anaita mashahidi.”

Kwa kazi hiyo ya miaka ishirini na sita analipwa taka 450, fedha ya Bangladesh, kwa siku.

Mwezi uliopita alifika Mwalimu Proshanto Biswas, ambaye kijijini kwake watoto wanatoka madoa viganjani. Alikuja kutafuta sababu, mkononi ana jarida lililosifu chujio la maji. Wazazi walikuwa wameshaanza kuuza mbuzi wakanunue chujio hilo.

Monowara akalifunua. “Mwalimu, hawa wanakuuzia chujio. Hawajapima maji ya mtu.”

“Shangazi, si umesema husomi?”

“Sisomi. Lakini chujio hilohilo limepigwa picha ya tangazo kwenye jalada la nyuma. Macho ninayo.”

Akaenda kwenye rundo la kusagwa. Msimamizi, Habul, akacheka. “Hayo mabovu. Tazama, linaanzia ukurasa wa 413. Mia nne zimeliwa na panya?”

“Umesaga mangapi, wewe? Haya huendeleza hesabu ya kurasa tangu toleo la kwanza la mwaka. Hili ni zima.”

Alimpa mwalimu kumi na moja, yale yenye picha za visima. Katika la tisa mwalimu alikuta jedwali la visima vya wilaya yake. Kisima cha shule kilikuwa na aseniki, sumu itoayo madoa hayo, nyingi kuliko vyote, na machujio ya aina ile hayakuiondoa.

Nilimpigia mwalimu simu kuhakikisha. Kisima kimepakwa rangi nyekundu, asinywe mtu, na mbuzi waliobaki hawakuuzwa.

Monowara ameanza darasa la watu wazima, Ijumaa kwa Ijumaa.

“Nataka niisome ile orodha ya mwisho,” anasema. “Mashahidi hao nimewabeba miaka yote hii, na hata mmoja simjui jina.”