Baridi Iliyovuka Mpaka kwa Vipande Viwili

Watu wa Gisenyi wananicheka. Wanasema mji una ziwa, asubuhi tunavaa sweta, mashine ya baridi ni ya nini? Mimi ninawajibu: hamjawahi kuvaa mushanana, vazi letu la harusi, wa hariri saa nane mchana, chini ya mabati, mmezungukwa na mashangazi wanaosema wote pamoja.

Mimi ninashona nguo za harusi. Shule niliiacha nikijua kuandika jina langu na kusoma mita ya kitambaa, ikatosha. Nyumba yangu ya kushonea niliijenga kwa mawe meusi ya volkano, na kila jiwe lilitoka kwenye sindano. Hakuna mwanaume aliyenipa hata kokoto. Mabibi harusi wa Goma, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, wanavuka kuja kwangu. Hiyo ndiyo heshima yangu, sina nyingine na sitaki nyingine.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa hapa mjini, familia ya Kiislamu, wauza vitenge wa siku nyingi. Alikuwa anamwoza binti yake, akanipa nguo za bibi harusi na za wasichana wake wote. Siku ya kwanza ya kujaribu, binti alitoka jasho mpaka hariri ikamshika mgongoni na doa likatokea kwapani. Akalia. Mama akachukua mkoba wake.

"Fundi, mukono yako tunaipenda. Lakini hii chumba yako ni jiko. Tutarudi Jumamosi. Kama iko vile vile, tunachukua kitambaa yetu tunavuka Goma."

Kuvuka Goma! Watu wa kule wanakuja kwangu, halafu mtu wa mtaani kwangu anipite aende kule? Angeniua kwa aibu.

Donc basi, nilivuka mimi kabla yake. Kule kulikuwa na ofisi inayofungwa, wanauza viti, meza, na klimatizeri, ndiyo mashine ya baridi. Ina sehemu mbili: moja ya ndani inayopuliza, moja ya nje inayonguruma, na katikati bomba za shaba. Muuzaji akaiwasha, nikaweka shavu, nikasikia baridi ya kweli. Bei ilikuwa ndogo mpaka nikajiona mjanja.

"Maman, ngoja nikuitie fundi aifungue muzuri," akasema.

"Fundi wa kufungua skrubu? Mi nafungua cherehani tangu wewe hujazaliwa."

Sisi watu wa barrière, wa hapa mpakani, tuna desturi yetu. Kitu kikubwa hatukivushi kikubwa. Gunia tunaligawa, balo ya nguo tunaifungua, kila mama anapita na alichoweza kichwani. Hivyo ndivyo tulivyolea watoto. Kwa hiyo nikaomba msumeno. Bomba ilipokatika ilitoa pumzi ndefu, fyuuuu, kama mzee anayekaa chini baada ya kazi. Muuzaji akashika kichwa, lakini hela alikuwa nayo tayari mfukoni.

Sehemu ya ndani ilivuka siku hiyo, nikalipa ushuru. Kesho yake nikaja na ile ya nje, juu ya kichwa cha mama mbebaji. Pale Grande Barrière nikamkuta kijana wa ushuru aliyenilipisha jana yake.

"Mukecuru, bibi yangu, jana mashine, leo tena mashine?"

"Ni ile ile. Ya jana ilikuwa nusu."

"Lakini uliilipia kama nzima."

"Bon, basi hii ipite bure."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mukecuru, ukikata ng'ombe haiitwi tena ng'ombe, inakuwa nyama. Lipia nyama."

Nililipa. Hakuwa na kosa, kazi yake ni kulipisha anachokiona.

Nikamwita fundi wa frigo kutoka Nyundo. Aliinama kwenye bomba, akaniangalia.

"Nani alikata hii?"

"Mimi."

"Na musumeno?"

"Ulitaka nikate na meno?"

"Mama, ile iliyotoka fyuuu ndiyo ulikuwa umenunua. Hii imebaki ni sanduku."

Gesi yake ilikuwa ya zamani, haipatikani kila mahali. Ilitafutwa, ikapatikana, kwa bei ya aliyeificha. Bomba za shaba mpya. Halafu ukuta: jiwe langu la volkano lilivunja ncha ya kitoboleo chake, akatukana mawe. Hapo nilifurahi kidogo, nikuambie ukweli. Nikamlipa mchonga mawe atoboe tundu kwa patasi. Mashine ikawaka, ikapuliza, na maji yake yakaanza kudondoka ng'ambo ya ukuta kwa jirani muuza makala, makaa ya kupikia.

"Maman couture!" akapiga kelele, ndivyo wanavyomwita mama mshonaji. "Makala yangu inaoga!"

Nikanunua bomba la kupeleka maji mtaroni, na gunia lililolowa nikalichukua kwa bei ya kavu. Nikijumlisha, ningenunua mashine mpya kabisa na mbuzi wa kuisindikiza. Watu waliniambia niiuze. Mimi sijawahi kurudisha kitambaa kwa sababu kimenishinda, sembuse mashine.

Jumamosi wakaja. Mama, binti, wasichana, mashangazi. Nikawasha baridi. Msichana wangu wa kazi akachomeka pasi, na umeme wa nyumba nzima ukakatika, tap! Nikarudisha swichi, pasi ikawekwa tena, tap! Nyumba yangu haikuweza vyote viwili. Mushanana wa bibi harusi ulikuwa bado una mikunjo, na mama alikuwa ameanza kuangalia mkoba wake.

"Zima pasi," nikasema. "Baridi ibaki."

Nikatoka uani na pasi ya makala ya marehemu mama yangu, nikamwagia makala ya jirani yaliyokwisha kukauka juani. Nikapiga pasi mimi mwenyewe, kwa kitambaa chepesi juu, kwa sababu hariri haisamehe. Jasho lilinitoka mimi, si bibi harusi. Wasichana wa siku hizi wanaungua vidole na pasi hiyo, mimi ilinilea.

Niliporudi na mushanana mikononi, binti alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkavu, anacheka, anageuka mbele ya kioo. Nikamvalisha. Hariri ikashuka kama ilivyopaswa kushuka. Mashangazi walikuwa wamejaa ndani, hakuna aliyetaka kutoka, na mmoja akaniuliza kama bado kuna nafasi ya kumshonea na yeye. Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, mkoba ameuweka chini, anaita dada yake aliyeko barabarani aje aone.

Huyo ni mke wa tajiri wa vitenge, mteja wangu mkubwa. Nikamwambia kama ninavyomwambia mtu yeyote:

"Maman, ingia au toka, lakini funga mlango. Unanitolea baridi yangu."

Akafunga.