Kuni za Mwenye Atakuja

Tangu tukimbie vita kijijini kwetu Mbau, mama yangu hakuwa amefungua mzigo wake. Ulikaa mlangoni pa nyumba tuliyopanga Bungulu, hapa Beni, umefungwa kwa kitenge, tayari kwa mbio nyingine. Roho iliniuma kila nilipoupita. Kitu kimoja tu kilimchangamsha: kuzungumzia mapango ya mlimani karibu na Kirumba, alikozaliwa. Nikamwambia twende tukayaone. Alikubali, ila na mzigo wake.

Njia nzima kupitia Butembo aliupakata kama mtoto mchanga. Dereva alitaka kuuweka juu ya gari. Mama alimtupia lile jicho ninalolijua tangu utotoni, naye akawasha gari.

Kirumba tulipokelewa na Kambale, mdogo wake mama, akatupandisha mlimani kati ya mashamba ya maharage. Mapango hayo yalichimbwa na watu, kwani alama za zana zao zingali ukutani, na viti vimechongwa mwambani. Watu gani? Kambale alisema babu zao waliyakuta hivyo hivyo. Mimi na ujuaji wangu nikaanza kubuni majibu, yeye akacheka tu.

Ndani kabisa tulikuta majivu, na kando yake kuni kavu zimepangwa vizuri. Kwetu Mbau, kuni kama hizo maana yake wenye bunduki wako karibu. Nilimshika mama mkono tutoke.

“Yaya, hapana ogopa,” Kambale alimwambia dada yake. “Huku ni vile. Mwenye analala humu anaacha kuni ya mwenye atakuja nyuma. Bazee banasema ni bale ba zamani ndiyo balianza.”

Mama akatoka kuokota kuni. Kamba hatukuwa nayo. Akaketi chini, akaufungua mzigo, sufuria na jembe vikabaki majanini, akafunga kuni kwa kile kitenge, akaziingiza pangoni na kuzipanga kando ya zile. Niligeuka pembeni nifute machozi.

Tulirudi Bungulu sufuria na jembe vikiwa mkononi mwangu, kitenge kiunoni mwa mama. Nani alichimba mapango yale, bado sijui. Najua tu kuwa mtu aliyelala kule alimfikiria mgeni asiyemjua.

Leo jembe limepata mpini. Mlangoni, pale pa mzigo, mama amepanga kuni. Jirani alimuuliza kama anauza.

“Hapana,” mama alijibu. “Ni ya mwenye atakuja.”