Mama Aliyechoka Kupeleka Salamu

Saa kumi na mbili jioni, kwenye zahanati ya mtaa mjini Rosario, Nélida Bruzzone anaondoa birika la maji ya moto mbele ya mama, analiweka mbele ya baba. Halafu anakaa, anatazama.

"Leo unamimina wewe, bwana Evaristo."

"Mimi? Nyumbani anamimina mke wangu, Mirta."

"Ndiyo maana."

Bruzzone ni mtaalamu wa tiba ya familia. Mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, kwa hiyo Jumapili huuza tambi alizokanda mwenyewe. Anasema kinachomtoa jasho ni katikati ya tiba. "Mwanzoni kila mtu ana adabu zake. Hapa katikati ndipo wananichoka, na wengi huniponyoka."

Evaristo Quiroga, mwokaji mikate, ameshatangaza kwamba leo ni mwisho wa kuja hapa. Tangu binti yao Lorena aache masomo ya uuguzi, hamsemeshi. Maneno yote hupitia kwa Mirta, mama yake. Hata kibuyu cha yerba, majani machungu ya kunywa kama chai, ambacho familia nzima hunywea kwa mrija mmoja, humfikia binti kutoka kwa mama tu.

Evaristo anamimina. Cha kwanza anakinywa mwenyewe, ndiyo desturi ya mmiminaji, maana ndicho kichungu zaidi. Cha pili anatia sukari tele, anampa binti bila kumtazama.

Lorena anavuta, anakunja uso. "Mama, mwambie siku hizi sitii sukari."

Mirta anafungua mdomo. Bruzzone anamwinulia kidole, naye anaufunga.



"Tangu lini?" Evaristo anauliza ukuta.

"Ukuta haujui," anasema Bruzzone.

Evaristo anageuka. "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nilipokuwa namuuguza bibi. Wodini hapakuwa na sukari." Lorena anakirudisha kibuyu. "Alifia mikononi mwangu, baba. Ningerudije pale? Na wewe ukaniita mvivu."

Evaristo anachukua kibuyu, anakijaza upya bila sukari.

"Mama yangu alisema nini, mwishoni?"

"Alikuulizia wewe."

Muda umekwisha. Bruzzone hashangilii. "Sitaki wapatane haraka," anasema baadaye. "Nataka Alhamisi warudi, hata wakija wamenuna."

Mlangoni Evaristo anakohoa. "Alhamisi tuje wawili tu, mimi na binti. Mirta apumzike."

"Apumzike nani?" Mirta anadakia. "Mwaka mzima nimesema yenu. Alhamisi nakuja kusema yangu."