Siku Orina alipomlaza mama yake wodini

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na Zack Orina hangoji uulize. Anakueleza kabla hujamaliza kuvaa gambuti.

"Andika hivyo hivyo," anasema. "Usinipake poda."

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, pale mashamba ya majani chai ya Boito yanapokoma na msitu kuanza. Ukungu bado umelalia mto. Orina, mwenye umri wa miaka 43, amesimama maji yakimfika magotini, anageuza mawe moja baada ya jingine. Anatafuta vidudu vilivyojibana chini yake. Hivyo ndivyo vinavyoliwa leo na trauti, samaki wa mito ya baridi, na nzi wa bandia atakayefungwa kwenye uzi wa mgeni kama chambo sharti afanane navyo.

Kazi yake ni kuongoza wavuvi wa kujifurahisha: watu wanaotoka mjini na fimbo za kuvulia za bei ghali, wakashinda kutwa wakimwinda samaki ambaye mara nyingi humrudisha majini.

"Wengine huniuliza kama tunaweza kupiga swara," anasema. "Nawaambia bunduki ilikatazwa hata sijazaliwa. Hapa mnyama ni huyu wa majini, na amesoma kuliko sisi."

Wazazi wake walitoka Nyamira kuja kuchuma majani chai, na Orina alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Yeye pia alichuma kwa miaka kumi na minne, hadi mashine za kuchuma zilipoletwa na majina ya wanaoachishwa kazi yakaanza kusomwa. Lake lilisomwa siku ya tatu.

Mto alikuwa anaujua tayari, kwa sababu ya sufuria. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akivua mboga ya jioni. Kumbe wapo watu wanaolipa ili waonyeshwe pale pale alipokuwa akichuchumaa bure.

Leo analipwa shilingi 1,500 kwa siku, na mwezi mzuri huleta siku sita. Hesabu hiyo haifikishi nyumba popote. Kinachoifikisha ni bakshishi, na bakshishi ina adabu zake.

Hutolewa mwisho wa safari, karibu na gari. Haitolewi mtoni. Haifuati ukubwa wa samaki, maana hata siku ya kutoka mikono mitupu mtu ametembezwa na kuvushwa kwenye mawe. Anayepokea hakodoi macho kuona ni ngapi. Na kubwa zaidi: mgeni haombwi, wala hasimuliwi matatizo ili aombwe bila kuombwa.

"Hiyo ya mwisho," Orina anasema, akijikuna kisogo, "mimi niliivunja mpaka ikalia."

Zamani alikuwa na hadithi kwa kila kona ya mto. Penye daraja la magogo, karo. Penye maporomoko, paa linalovuja. Mgeni akifika kwenye gari alikuwa ameshalainika.

Siku yenyewe, mgeni alikuwa Daktari Loice, mwenyekiti wa chama cha wavuvi cha Nakuru. Walikuwa hawajapata hata samaki mmoja. Orina akaona bakshishi inapotelea majini, akaamua kutoa hadithi kubwa. Akamlaza mama yake hospitalini.

"Nilisahau huyu mtu ni daktari kweli," anasema. "Akauliza, anaumwa nini? Nikasema mapafu. Akauliza, yote mawili? Nikasema moja, lakini lile kubwa."

Daktari akataka jina la wodi, ampigie simu mwenzake amwangalie mama. Orina akasema huko simu hazishiki. Wakapanda kilima kurudi kwenye gari.

Kando ya gari walimkuta mwanamke amejitwisha nusu gunia la viazi, mkanda kichwani, anakata muwa kwa meno. Alikuwa Nyambeki, mama yake Orina, aliyetoka Kedowa kwa mwanawe mkubwa. Simu yake ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo hakumjulisha mtu.

"Nikasalimia mgeni vizuri," Nyambeki, mwenye umri wa miaka 67, anakumbuka. "Akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mama ya Orina. Akanishika mkono hapa, pa kupima mapigo, akauliza nimetoka wodini lini."

Daktari akamlipa Orina shilingi 1,500 zake kamili. Kisha akatoa bahasha mfukoni, akaitazama.

"Hii nilikuwa nimeitenga tangu asubuhi," akamwambia. "Ungenyamaza tu."

Akairudisha mfukoni. Chama kizima kikahamia mito mingine.

Nyumbani Nyambeki alimenya viazi, akavipika, akapakua. Orina alipoinua tonge la kwanza ndipo mama akauliza: "Wodi gani?"

Baada ya wiki moja Orina alimwandikia daktari ujumbe wa kuomba radhi, bila kuomba kingine. Hakujibiwa. Mwezi uliofuata akamwandikia habari za mto: maji yamefika wapi, yana rangi gani, samaki wameonekana kidimbwi kipi. Akaendelea hivyo kila mwezi. Hata mwezi aliokuwa bila mgeni mmoja alitembea kilomita tisa akapima maji kwa fimbo, akatuma.

"Mke wangu alisema najiandikia mwenyewe," anasema. "Nikamwambia basi wacha nijisomee."

Ujumbe wa ishirini ndio uliojibiwa: "Tunakuja Jumamosi. Watu tisa."

Ndiyo leo. Chama hiki kikirudi, ni safari ya kila mwezi kwa Orina na waongozaji wenzake watano. Ndiyo maana jana aliwakalisha chini, akawasomea sharti: hakuna hadithi. Bakshishi itaingia kwenye mkebe mmoja, mbele ya wote, igawanywe sawa.

Kutwa nzima anayemwongoza Daktari Loice ni Orina mwenyewe. Anamwonyesha jiwe la kukanyaga, anamwonyesha kivuli cha kulenga. Penye daraja la magogo daktari anasimama, anamtazama.

"Leo hakuna habari?"

"Iko, Daktari. Hapo chini ya mzizi kuna mmoja mnene."

Yupo kweli. Daktari anamvuta, anampima kwa kiganja, anamrudisha.

Saa kumi jioni, karibu na magari, wageni wanapita mmoja mmoja penye mkebe. Waongozaji wanatazama milima. Daktari Loice anapita wa mwisho, kisha anamwendea Nyambeki, anayeuza mahindi ya kuchemsha hapo kando.

"Mama, mapafu?"

"Yako sawa, Daktari. Yalikuwa sawa."

Daktari anacheka, ananunua mahindi matatu, anamwambia Orina aandike Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na ya mwezi utakaofuata. Orina anaandika kwenye kiganja, karatasi imelowa. Mpango wake ni kujenga kibanda cha wageni kubadilishia nguo, chenye choo, kabla ya mvua ndefu.

Magari yanapoishia kwenye majani chai, Gibson, mwongozaji mwenzake, anautikisa mkebe karibu na sikio.

"Mwepesi," anasema. "Orina, wewe unatubana bure. Hawa watu wana pesa. Mgeni asipojua shida yako atakuachia ya soda. Neno moja tu la huruma, kwani litaua nani? Mama mgonjwa hajawahi kukataliwa."

Orina anafungua mdomo, lakini Nyambeki, akifunika sufuria yake, anamtangulia.

"Basi laza mama yako, Gibson. Mimi nililazwa na hamkuniletea hata chungwa."