Vigae vya Castory

Mama Upendo alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Maryamu mfinyanzi, pale Sindeni, na hata salamu hakutoa. Alifungua mfuko wa sandarusi akaumwaga uwanjani. Vigae vya chungu vikatawanyika miguuni pa Maryamu, vingine bado vina mafuta ya mchuzi.

"Hicho ndicho chungu nilichompa binti yangu siku ya kichenpati," alisema. "Juzi mama mkwe wake amekwenda kumtembelea, mara ya kwanza tangu waoane. Kuku yuko motoni, chungu kikapasuka katikati, mchuzi wote ukaishia kwenye mafiga. Unajua yule mama alisema nini? Alisema, 'Kumbe huko kwenu Magoma hata chungu hamjui kuchagua.' Nikaona nifunge safari nije nimwone huyo anayejiita fundi."

Maryamu aliinama akaokota kipande cha mdomo. Chini yake palikuwa na mstari wa gunzi la hindi, na chini ya mstari, alama mbili za kucha. Ilikuwa alama yake. Kabla yake ilikuwa ya mama yake. Lakini mstari huu ulipinda kama njia ya mlevi, na pale kigae kilipokatikia, udongo ulikuwa laini mtupu, hauna chengachenga hata moja.

Hapo akajua. Mfinyanzi wa kweli hafinyangi udongo peke yake. Huchukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavitwanga, akauchanganya unga wake na udongo mbichi, ndipo chungu kipya kipate uvumilivu wa moto. Mwenye haraka huiruka kazi hiyo, maana kutwanga kunachosha mikono, na chungu kikishapakwa rangi sokoni hakuna atakayeona tofauti. Tofauti huonekana jikoni, mbele ya mama mkwe.

"Umekinunua wapi, mama?"

"Kwa Castory, Korogwe. Picha yako ameibandika kubwa kama ya mgombea ubunge."

"Mimi sijamfinyangia Castory muda mrefu. Hiki si changu."

"Kila mtu kazi mbaya si yake," Mama Upendo alisema, akapanda bodaboda yake akaondoka.

Castory alikuwa mfanyabiashara mwenye simu nzuri na maneno mazuri zaidi. Zamani alikuja Sindeni akapiga picha vyungu vya Maryamu, akavitangaza mtandaoni, vikauzika. Wote wawili wakafurahi. Kisha akaanza kulalamika. "Dada, watu wanataka mzigo. Wewe unanipa vyungu vya kuhesabu kwa vidole. Mimi nataka picha mpya kila asubuhi. Ukurasa ukinyamaza siku mbili, wameshakusahau." Maryamu akamwambia chungu hakiivi kwa kupigwa picha. Castory akacheka. "Basi baki na vidole vyako."

Kumbe aliondoka na picha, na jina, na alama. Akakodi vijana nyuma ya mji wa Korogwe, wakawa wanafinyanga mchana kutwa, wanaanika juani, wanachoma haraka haraka, na kila chungu wanakikwaruza gunzi na kucha mbili. Mtu akikuibia kuku, banda unabaki nalo. Akikuibia jina, kila uendako unamkuta ameshafika kabla yako, na ameshakuchafulia.

Usiku ule Maryamu hakulia. Alivikusanya vile vigae vyote, hata vidogo, akaviosha mafuta. Alitaka kitu kimoja tu: Castory aaibike palepale alipomwaibisha, mbele ya wale wale waliolisadiki jina lake.

Asubuhi akachukua jembe akaenda shimoni. Shimo la udongo wa kufinyangia lina miiko yake, na mwenye kuichunga ni Bibi Mwanamvua, mzee kuliko wafinyanzi wote. Mwenye kinyongo hashuki. Sharti kwanza amtaje aliyegombana naye, akapatane naye, ndipo achimbe. Wake wenza walioapa kutozikana wamepatanishwa kwenye shimo lile. Asiyepatana, wanasema, vyungu vyake hupasukia motoni, kwa sababu udongo una masikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona uso huo? Una ugomvi na nani?"

"Na Castory wa Korogwe."

"Basi nenda mkayamalize. Udongo hauendi popote."

"Siyamalizi, bibi. Hilo jambo nimekuja nalo na nitashuka nalo."

"Udongo una masikio, Maryamu."

"Na usikie."

Akashuka. Wanawake wengine wakainua majembe yao wakaondoka mmoja mmoja, asije akawatia nuksi. Akachimba peke yake.

Nyumbani alivichoma upya vile vigae vya Mama Upendo mpaka vikawa vyekundu, akavitia kinuni. Kila mchi uliposhuka alikuwa anauona uso wa Castory, na hakuona sababu ya kuacha. Aliuchanganya ule unga na udongo, akaukanda, akafinyanga. Chungu cha kwanza kilikuwa na tumbo la upande. Akakirudisha kuwa donge. Cha pili mdomo haukumridhisha, donge. Jirani alipita akamtania, "Wenzio wanajaza magunia, wewe unacheza na tope." Maryamu akafinyanga tena. Kile alichokikubali alikikausha kivulini bila papara, akakisugua kwa kokoto la mama yake mpaka kikang'aa.

Siku ya kukichoma, Bibi Mwanamvua alikuja bila kuitwa. Chungu kilipotoka kwenye majivu na kupoa, alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kililia kama kengele. Akakigonga tena, kama mtu asiyeamini.

"Umekifinyanga na hasira?"

"Yote, bibi."

"Mh. Kimeimeza."

Maryamu akakifunga kwa kanga akaenda nacho Korogwe, kwa Damayanti, au Mama Kalpesh, mwenye duka la vyombo linalotazamana na soko. Damayanti alikuwa akinunua vyungu tangu enzi za mama yake Maryamu. Aliposikia habari yote, alisimama akaondoa sufuria na mabakuli kwenye rafu ya mbele, rafu nzima, akakiweka chungu peke yake.

"Umebakiza nafasi kubwa, Mama Kalpesh," Maryamu alisema.

"Nikikichanganya na sufuria, ni chombo tu. Kikikaa peke yake, kila anayeingia atauliza. Na siku ya soko tutawajibu."

Siku ya soko ilipofika, Damayanti alitoa jiko la mkaa barazani. Maryamu akateleka maharage kwenye kile chungu. Ng'ambo ya njia Castory alikuwa na vyungu vimepangwa kama ukuta, na spika iliyorekodiwa sauti yake mwenyewe: "Vyungu imara, vyungu vya Maryamu wa Sindeni, njoo ujichukulie!"

Alipomwona alivuka njia, akitabasamu. "Dada Maryamu! Umekuja na kimoja? Vingine vimekufia njiani?"

"Kimoja kinatosha kukuzika."

Watu wakacheka, na wengine wakasogea. Maryamu aliepua maharage yaliyoiva, akasimama. "Mimi ndiye Maryamu wa Sindeni. Aliyenunua chungu chenye jina langu pale ng'ambo akilete. Jiko ni hilihili, mkaa ni uleule. Nitakichemshia maji mwenyewe."

Mama mmoja aliyekuwa ametoka kununua alikitoa chake kwenye kapu. Maji hayajaanza hata kufuka, chungu kikasema *ta*, mkaa ukazimika kwa moshi. Mkaa ukawashwa tena, mama wa pili akaleta. *Ta*. Na kule ng'ambo spika haikujua kinachoendelea, ikazidi kuimba, vyungu imara, vyungu vya Maryamu wa Sindeni, watu wakashika mbavu.

"Moto wake mkali mno," Castory alisema.

"Tangu lini chungu kikaogopa moto?" aliuliza Damayanti toka mlangoni. "Hicho cha Maryamu kimekaa hapo tangu asubuhi."

Wanunuzi wakamgeukia Castory wakitaka chao. Aliyekuwa akijisifu kuuza vyungu vingi kuliko mtu yeyote Korogwe sasa alikuwa na watu wa kumdai wengi kuliko mtu yeyote. Alipoona hapenyi, alimfuata Maryamu, ameshusha sauti.

"Tuyamalize, dada. Nakuomba radhi. Nitauza kimoja kimoja kama unavyotaka."

"Radhi yako kaa nayo. Mimi nataka vigae."

"Vigae?"

"Vyote. Na vizima uvivunje mwenyewe, mbele yangu, kila chenye alama ya mama yangu."

Akavivunja. Watu walimzunguka wakitazama, na Maryamu alikuwa ameshika gunia lililo wazi, hakumhimiza wala hakumhurumia.

Siku hizi Castory anauza ndoo za plastiki. Maryamu anafinyanga vyungu vichache kama zamani, kimoja kinakaa kwenye rafu ya Damayanti, na anayekitaka anasubiri zamu yake. Mama Upendo alisubiri pia, kimya. Vigae vya lile gunia Maryamu alivichoma upya, anavitwanga kidogo kidogo, na havijaisha.

Kila anapokwenda shimoni, Bibi Mwanamvua humuuliza palepale ukingoni.

"Umemsamehe?"

"Bado, bibi."

Bibi humtazama, kisha hujisogeza kumpisha.

"Haya, shuka."