Mkalimani Aliyejua Kusema Hajui

Kaanaeli wa Kighare alijua Kiingereza kuliko mtu yeyote aliyewahi kushuka Same kutoka milima ya Ugweno, na kama hukulijua hilo, angekuambia mwenyewe. Zama za Mwingereza alikuwa mkalimani wa serikali, kaptula yake imepigwa pasi mpaka imesimama. Alichojivunia zaidi ni namna zake za kusema kwamba hajui.

Maana Waingereza, alieleza, hawasemi sijui wakaishia hapo kama sisi. Wana sijui ya mtoto wa shule, sijui ya bwana aliyechoka kuulizwa, na sijui ya mtu anayejua kabisa ila hataki kusema. Alizidokoa moja moja mabwana walipopiga soga barazani, akazifanyia mazoezi jikoni mbele ya mkewe, Priska. Priska aliendelea kusonga ugali, akamwuliza kama hao mabwana wana namna ngapi za kusema chakula kimeiva.

Mwaka wa thelathini na nane bwana misitu mpya alipanda Ugweno kupima misitu. Wenye kudai msitu wangeachiwa. Usio na mwenyewe ungechukuliwa na serikali, ukatwe mbao. Juu ya Kighare kulikuwa na msitu wa ukoo wa kina Kaanaeli. Humo ndimo walimolazwa wazee wa ukoo, na humo wavulana waliingizwa wakatoka wanaume. Kaanaeli mwenyewe aliingizwa kabla ya kubatizwa, akiwa ameshikwa mkono na baba yake mkubwa, mzee Eliamini.

Msitu ule una mwiko. Habari zake hazitajwi mbele ya mtu ambaye hakuingia. Akiuliza, mzee humjibu, hatujui, na mtu wa Ugweno hapo hutambua kwamba mlango umefungwa, akazungumza mengine. Hata mchungaji wa kanisa alijibiwa hivyo, akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Bwana misitu akawauliza wazee watano msitu ni wa nani, na ndani mna nini. Mzee Eliamini akatazama chini, akasema kwa Kigweno kwamba hawajui. Wenzake wakasema vivyo hivyo. Kisha wote wakamtazama Kaanaeli, wala hawakuwa na wasiwasi. Aliyesimama katikati alikuwa mtoto wao, aliyeingia mle; angejua la kumwambia mzungu ili msitu upone na mwiko usivunjwe.

Na alijua, ndilo linalokera. Ile sijui ya mtu anayejua ila hasemi alikuwa nayo ulimini, na ingetosha kabisa. Lakini ilikuwa fupi, haina madoido, na bwana yule alikuwa mgeni ambaye bado hajaonjeshwa umahiri wa Kaanaeli. Akanyoosha mgongo, akaitoa ile ndefu kuliko zote: wazee hawa hawana hata fununu, hata ile iliyo hafifu kupita kiasi. Mzungu alicheka kwa kupendezwa, akamwuliza alisoma wapi. Kisha akaandika.

Kaanaeli akateremka mlima kichwa kimemvimba. Wazee nao wakaenda zao wakiamini wamesemewa.

Mwaka haukwisha, misumeno ikaingia. Wazee wale wakatembea kwa miguu hadi Same kumlalamikia bwana shauri, mzungu mwenye wilaya, naye akafungua faili akasoma: wenyeji waliulizwa, hawana hata fununu. Mkalimani alikuwa Kaanaeli. Alitafsiri yote.

Mzee Eliamini alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Nani alimwambia bwana misitu maneno hayo?"

"Mimi, baba."

"Nawe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Bwana shauri akataka kufahamu wanasema nini. Hapo Kaanaeli angeweza kukiri kwamba kosa ni lake, na kwamba msitu una wenyewe, wamesimama hapo mbele. Msitu ungepata mtu wa kuutetea, yeye angekosa kazi. Alifikiri kidogo, na ni aibu kwamba alifikiri kidogo tu. Akamjibu bwana shauri kwamba wazee wameelewa, na wanashukuru.

Krismasi alipanda Kighare na Priska na watoto, wamebeba sukari na vitambaa. Mzee Eliamini alikuwa uani akichonga mpini. Kaanaeli akainama, akamwamkia kwa Kigweno kama alivyomwamkia tangu utotoni.

Mzee akainuka. Mzee hamwinukii mtoto wake, lakini yeye aliinuka, akapangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza mbele ya Kaanaeli. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo katika nyumba ile hawakuitumia ila kwa watu wa serikali:

"Marahaba, bwana mkalimani. Karibu uketi. Umetumwa na nani?"